Kijiwe cha kunolea sindano: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya na makumbusho Kusini

Mikindani, Mtwara

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya afya, makumbusho na utawala katika mikoa ya Mtwara na Lindi,

YAH: VIFAA NA MADAFTARI YA WAUGUZI KUUZWA KAMA CHUMA CHAKAVU NA KUCHOMWA MOTO

Nawasalimu kwa heshima na taadhima. Kwa umri wangu wengi wenu ndio mngenipa shikamoo, na sitashangaa nikisikia kuwa mmoja wenu nilimpokea kwa mikono hii akitoka tumboni mwa mama yake. Lakini cheo ni cheo. Poleni na majukumu.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Niliingia chuoni mwaka 1974, nikastaafu mwaka 2013, na miaka yote hiyo sikuwahi kufanya kazi nje ya mikoa hii miwili. Barua hii si ya kwanza. Nimekwishaandika tatu kwa kufuata utaratibu, moja kwa mkono na mbili nikachapiwa na mjukuu wangu, na zote ziligongwa muhuri wa masijala. Ya kwanza niliambiwa faili liko mezani kwa mkubwa. Ya pili, mkubwa yuko semina. Ya tatu nilijibiwa kwa mdomo, tena nimesimama koridoni na mkoba wangu: "Mama, yale ni makorokoro tu." Nikashukuru, nikapanda bajaji, nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo neno makorokoro halijanitoka kichwani.

Hospitali sitaitaja, wala ofisi iliyonijibu. Sina haja ya kumuumbua mtu, na jambo lenyewe si la hospitali moja.

Msimu wa korosho uliopita nilikwenda kumjulia hali jirani aliyelazwa kwenye hospitali niliyoifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Nyuma ya chumba cha kufulia nikakuta lori la chuma chakavu. Vitanda vya wodi ya wazazi vilikuwa vimelazwa ubavu, stendi za dripu zimefungwa kamba kama kuni, na mizani ya kupimia watoto, ile ya sahani ya bati, inapigwa nyundo ili ikae vizuri ndani ya lori. Hilo ningelivumilia, maana kitanda kikioza kinauzwa. Lililonishinda lilikuwa hatua chache mbele, kwenye shimo la taka. Rejista za wodi ya wazazi na madaftari ya ripoti za usiku yalikuwa yanaungua. Niliutambua mwandiko wa mwenzangu mmoja kabla sijautambua mwaka. Alikuwa akiivuta mikia ya herufi zake mpaka inagusa mstari wa chini, na metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa akimgombeza kwa hilo. Mwenzangu huyo ameshatangulia mbele ya haki.

Nilivuta daftari moja lililokuwa limeshika moto pembeni, nikalizima kwa kanga yangu. Pembeni ya shimo, katikati ya vigae na chupa, nikaokota kijiwe.

Vijana wakisikia kijiwe wanafikiri ni mahali pa kupigia soga. Hiki ni kijiwe hasa, cha rangi ya kijivu, urefu wake kama kidole gumba, upande mmoja una mifereji myembamba. Mtu yeyote angekitupa. Ni kijiwe cha kunolea sindano. Zamani sindano haikutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Bomba lilikuwa la kioo, sindano yenyewe ya chuma, tunaichoma, tunaiosha, tunaichemsha, na ikianza kuwa butu tunainoa kwenye jiwe mpaka ipite kwenye pamba bila kunasa. Kazi hiyo walikuwa wakipewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ukinoa vibaya, mgonjwa ndiye anayelipa, na yeye hakufichi kitu.

Naomba sasa niyataje yanayonisumbua, moja baada ya jingine.

1. Kitu bila aliyekishika ni taka. Hilo la kijiwe ndilo ombi langu lote kwa ufupi. Mleteni mtaalamu wa makumbusho aliyebobea, mwekeeni kijiwe kile mezani, hatajua ni nini mpaka muuguzi mzee amwambie. Nikimwambia, kijiwe kinaanza kusema. Kinasema kwa nini akina mama wa zamani waliogopa sindano kuliko ugonjwa. Kinasema namna UKIMWI ulivyobadilisha kazi yetu, maana baada ya wagonjwa wa kwanza nchini kugundulika Kagera mwaka 1983, hofu ya sindano iliyotumika zaidi ya mara moja ilitufikia mpaka huku mwisho wa reli ambayo hata haipo tena, na bomba la kioo likaanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Hali ni hiyo hiyo kwa friji la mafuta ya taa. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulipoanza mwaka 1975, zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na umeme, na chanjo isipokaa kwenye ubaridi imekufa. Muuguzi wa zamu alikuwa anaamka usiku kutazama utambi. Moto ukiwa wa bluu, analala. Ukiwa wa njano, friji linatoa masizi na halipoi, basi anakaa kitako asafishe na kukata utambi kwa mwanga wa chemli. Nani ataandika hayo kwenye kibao cha maelezo kama sisi tumekwisha kufa? Na kofia zetu, zile tulizozipiga wanga wa muhogo mpaka zikasimama zenyewe mezani, nyingi zimekuwa matambara ya kupangusia meza.

2. Yaliyomo kwenye rejista hayapo kwenye ripoti yoyote. Daftari nililoliokoa ni la miaka ya sabini. Kila mstari ni mama mmoja: anatoka kijiji gani, mimba ya ngapi, kaletwa kwa nini, kajifungua saa ngapi, mtoto ana uzito gani. Safu ya mwisho ni ya maelezo, na humo ndimo ilimo historia ya Kusini. "Ameletwa kwa machela." "Ameletwa kwa baiskeli, amechelewa." "Mto umejaa, wamelala ng'ambo." Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ulikuwa unavukwa kwa kivuko, na masika yakikolea barabara ya kuja kwetu inakuwa tope tupu. Dawa tulizisubiri bandarini kama watu wanaosubiri ndugu. Watu wa mbali wanapenda kusema Kusini ilisahauliwa. Mkunga wa zamu aliandika usahaulifu huo kwa kalamu ya wino, usiku hadi usiku, na jina la mama pembeni.

3. Habari zetu zinatunzwa na wengine, tena kwa upande mmoja. Wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, walifika Masasi mwaka 1876, na karatasi zao leo zimo katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Dk. Leader Stirling alifika Lulindi mwaka 1935, akapasua wagonjwa kwenye majengo ya udongo na nyasi, baadaye akahamia Mnero, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Anastahili heshima zote. Ndanda, Wabenediktini walianza mwaka 1906, baada ya Vita vya Majimaji kuteketeza misheni zao za Nyangao na Lukuledi, na Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, alitibu huko kwa miongo kadhaa, wakiwemo wagonjwa wa ukoma. Naye anastahili. Lakini daktari hapasui peke yake. Nani alishika taa? Nani alichemsha vyombo, akamgeuza mgonjwa usiku, akamwelewesha kwa Kimakonde au Kimwera au Kiyao maneno ambayo daktari hakuwa nayo? Walikuwa madresa, wale wasaidizi wa kufunga vidonda, na wauguzi wa hapa hapa, na barua zao hakuna aliyezipeleka Oxford.

Niongeze moja. Mtwara hii hii, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO walikuwa na hospitali yao, Hospitali ya Américo Boavida, iliyopewa jina la daktari wa Angola aliyeuawa mwaka 1968. Majeruhi walivuka Ruvuma wakaletwa huku. Nimewauliza wanafunzi wa uuguzi niliokutana nao kama wamewahi kuisikia. Walinitazama kwa adabu, wakanyamaza.

4. Sheria zimetuacha mlangoni, ila ufunguo mnao ninyi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya 1863, na majengo ya kabla ya 1886. Inalinda hata mlango wa mbao ulionakshiwa kabla ya 1940. Mimi naipenda milango ya nakshi, Mikindani tumekua nayo. Lakini kwa hesabu hiyo mlango wa mfanyabiashara una ulinzi, na kitanda walichozaliwa watoto wa wilaya nzima hakina. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza kitu kuwa cha kulindwa. Kwa upande wa madaftari, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu za umma kuteketezwa bila idhini ya mamlaka inayohusika. Kama idhini ya moto ule ilitolewa, naomba kuiona. Naomba kuiona tu.

Najua yatakayosemwa, maana mengine nimeshaambiwa usoni.

Mtasema makumbusho yapo. Yapo kweli. Tawi la Makumbusho ya Taifa lililo karibu nasi liko Songea, linatunza habari za Majimaji, na linafanya kazi nzuri. Kutoka Mtwara ni safari ya kutwa kwa basi, na muuguzi wa Kilwa au Liwale sijui atafika lini.

Mtasema fedha hakuna. Hili silidharau, nimefanya kazi kwenye wodi isiyo na glovu. Ila sijaomba jengo la ghorofa. Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lilikuwa gofu linaota miti, leo limekarabatiwa na watalii wanalala humo. Kumbe tukitaka, tunaweza. Na wale wa Tendaguru? Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, ilichimbwa mkoani Lindi, ikabebwa kwa mabega ya watu hadi bandarini, na leo mmoja wao amesimama Berlin, kimo chake kama mita 13. Kila kampeni tunasikia kwamba mjusi wetu arudishwe. Mimi sina ugomvi na mjusi. Nauliza tu: tunaodai mifupa iliyochukuliwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tumeweka wapi vitu tulivyoachiwa juzi?

Mtasema rejista zina siri za wagonjwa. Hapo tuko pamoja, na nadhani sisi wakunga tunaijua siri kuliko yeyote. Lakini dawa ya siri ni kufuli. Daftari linafungiwa, majina yanafunikwa, anayeruhusiwa kulisoma anajulikana na anaweka saini. Na kama siri ndiyo iliyokuwa hoja, mbona kurasa zilizopeperushwa na upepo siku ile nilizikuta zimenasa kwenye ua wa jirani?

Mtasema vifaa vya zamani ni hatari. Hilo ni kweli nusu. Vipimajoto na mashine za zamani za kupimia presha zina zebaki, na zebaki si kitu cha kuchezea. Inataka chombo kilichofungwa na mtu anayejua. Kuitupa shimoni karibu na kisima ndiyo hatari kubwa zaidi.

Naja kwenye jambo ambalo huwa linanichekesha na kunitia uchungu kwa pamoja. Kila Mei 12 tunavaa nguo nyeupe, tunawasha mishumaa, tunakula kiapo chenye jina la Florence Nightingale, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1820. Kwao London, ndani ya Hospitali ya St Thomas' alikoanzisha chuo mwaka 1860, ana makumbusho yake. Taa aliyozungukia nayo wagonjwa wakati wa vita vya Crimea ilikuwa ya Kituruki, ya kukunjika, na waliiita fanoos. Ni neno letu lile lile, fanusi! Bibi zetu wa Mikindani wangelielewa bila mkalimani. Humo ndani wameweka hata bundi wake, aliyemfuga akampa jina la Athena, akafa, wakamkausha. Bundi, Waheshimiwa. Kwetu akitua juu ya paa nyumba nzima hailali, wenzetu wamemweka kwenye kabati la kioo kwa sababu alikuwa wa muuguzi.

Na mwaka 1890, alipokuwa na miaka 70, sauti yake ilirekodiwa kwenye nta, na mpaka leo inasikika. Mwaka 1890! Leo kila kijana ana simu mfukoni yenye uwezo wa kurekodi kutwa nzima. Wauguzi tuliosoma pamoja tulikuwa kumi na tisa. Kwa hesabu yangu tumebaki sita, na mmoja wetu hamkumbuki tena hata binti yake.

Basi naomba haya.

Kwanza, litolewe agizo la maandishi kwa hospitali, vituo vya afya na zahanati zote za mikoa miwili: kabla ya kuuza au kuteketeza kifaa au daftari la zamani, aitwe angalau muuguzi mmoja mstaafu wa pale aangalie. Tutakuja kwa miguu yetu. Chai mkitupa tutashukuru, posho hatudai.

Pili, chumba kimoja. Kiwe kikavu, chenye madirisha yanayofungika, rafu zilizoinuliwa juu ya sakafu kwa sababu ya mchwa, na daftari la mapokezi linaloonyesha kitu kimetoka wapi, kimetolewa na nani, kilitumikaje. Na hapa majirani zangu wa Mikindani watanigombeza, lakini nasema kiwekwe Masasi. Huku pwani chumvi ya bahari inakula chuma na unyevu unaozesha karatasi. Masasi ni bara, ni njia panda ya kwenda Newala, Nachingwea, Lindi na Mtwara, na vyuo vya uuguzi vya Ndanda, Newala na Mnero haviko mbali nako.

Tatu, wanafunzi wa vyuo hivyo wapewe kazi ya kuturekodi wazee kama sehemu ya masomo yao. Waje na kifaa mkononi, waulize: hiki mlikiitaje, mlikishika vipi, kiliwahi kuwasaliti? Wasitusafishie Kiswahili chetu. Wawatafute pia wahudumu, madobi na madereva wa magari ya wagonjwa, maana hao waliyaona mengi ambayo sisi tuliokuwa tumevaa kofia hatukuyaona. Na wakunga wa jadi wasiachwe nje. Tuliwahi kuwadharau sana, mimi mwenyewe nikiwemo, na mara mbili tatu ni wao walioniokolea mama mikononi.

Nne, nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku sitini. Hata mkikataa, andikeni kwamba mmekataa na kwa sababu gani, ili na barua hiyo nayo iwe na mahali pa kuhifadhiwa.

Mwisho, nina la kukiri. Daftari nililoliokoa ni mali ya Serikali, na kwa sheria niliyoitaja hapo juu sina haki ya kukaa nalo. Liko nyumbani kwangu, nimelizungushia kanga mbili, juu ya kabati, na nimemwaga dawa ya mchwa kwenye miguu ya kabati. Sijalifungua mbele ya mtu yeyote, wala mjukuu wangu. Kijiwe kimo ndani ya kikombe pembeni yake. Mkinituma mtu mwenye barua na kitambulisho nitamkabidhi vyote viwili, atanisainia, kisha tutakwenda pamoja anionyeshe kabati litakalovihifadhi na nani anashika ufunguo wake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi Mkunga mstaafu,
Mikindani, Mtwara

Nakala: Wauguzi wastaafu wote wa Mtwara na Lindi mtakaosomewa barua hii na wajukuu zenu. Angalieni uvunguni na kwenye masanduku ya bati. Mkikuta kofia, pini, mkanda au fetoskopu ya mbao, ile ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, msitupe. Fungeni kwenye kitambaa kikavu na muandike kwenye karatasi ilikuwa ya nani.